Pamba Majini: Historia ya Ugonjwa Uliofika Bwawani Kagerankanda

Wiki moja hivi kabla ya Sabasaba, baba mdogo wangu alinitumia picha tatu kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa ya kifaranga cha kambale kwenye kiganja cha mkono, mgongoni kina kitu cheupe kama pamba iliyolowa. Ya pili ilionyesha vifaranga kama arobaini vimeelea ubavu ubavu pembeni mwa bwawa. Ya tatu ilikuwa ya pakiti ya dawa ya shaba, ile wanayopulizia nyanya, na chini yake ameandika: "Mwanangu, wewe umesoma. Niimwage hii?"

Nilimpigia hapo hapo. Shikamoo haikukamilika, nikamwambia asimwage kitu chochote. Dawa ya shaba ikikosewa kipimo inaua samaki wote, wagonjwa na wazima. Akakubali kusubiri, lakini sauti yake haikuwa ya mtu mwenye subira. Vifaranga 500 alivinunua kwa hela ya maharage, na hela ya maharage ndiyo ada, ndiyo mbolea, ndiyo kila kitu. Jirani mmoja alishamwambia kuwa huo ni mkono wa mtu. Mwingine alimwambia ni maji ya huko, hayajawahi kupenda samaki.

Basi bwana, mimi ni mwandishi wa habari, si daktari wa samaki. Kazi ninayoiweza ni kuuliza na kusoma. Nikasoma. Nilichokikuta ni historia inayoanzia mbali kabisa na Kagerankanda, inapita Scotland, Japani na Zambezi, halafu inarudi nyumbani Kigoma kwa njia ambayo sikuitegemea. Nimeona niiandike hapa, maana najua wasomaji wangu wengi mnaishi mjini, na wengi wenu mna shamba au mna ndoto ya bwawa la samaki kule kwenu. Hii biashara ya "chimba bwawa uwe tajiri" mnaisikia kila siku. Msikie na upande wake wa pili.

Kwanza, Kagerankanda ni wapi?

Kama hupajui usijilaumu. Ni huko Kasulu, ukanda wa juu wa Kigoma unaopakana na Kibondo, nchi ya Waha. Wengine walilisikia jina hili kwenye habari za mgogoro wa wakulima na hifadhi ya msitu, hasa mwaka 2017 Rais Magufuli alipofika Kasulu na suala la wakulima kupewa sehemu ya msitu ule likazungumzwa hadharani. Wengine wanaujua ukanda huu kwa sababu ya kambi za wakimbizi: Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Mtabila ya Warundi, iliyofungwa mwaka 2012. Ni nchi ya mihogo, mahindi, maharage na asali. Maji ya upande huu huishia mto Malagarasi, na Malagarasi humwaga ziwa Tanganyika.

Jambo moja watu wa pwani hulisahau: kule juu kuna baridi. Si baridi ya Makete, lakini Juni na Julai usiku ukitoka nje bila koti utarudi ndani. Likumbuke hilo, tutalihitaji baadaye.

Sasa samaki. Mtu wa Kasulu amezoea samaki wa ziwani: dagaa wa Kigoma, migebuka, kuhe. Samaki wa kufugwa ni mgeni. Lakini ugeni wake una historia ya ajabu kidogo. Ufugaji wa samaki katika mabwawa ulianza Tanganyika mwaka 1949, pale Korogwe, mkoa wa Tanga, serikali ya kikoloni ilipoanza kufanya majaribio ya perege. Baadaye majaribio yakaenda Malya, Mwanza.

Korogwe! Anayeijua historia ya Waha atashtuka kama nilivyoshtuka. Miaka hiyo hiyo Korogwe ilikuwa imejaa vijana wa Kiha. Wakoloni waliigeuza Buha kuwa ghala la manamba. Kuanzia mwaka 1944 ilikuwepo ofisi maalumu ya wenye mashamba ya mkonge, SILABU, iliyokusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali kama Kigoma na kuwapeleka Tanga. Kwa hiyo wakati wataalamu wa kikoloni wanachimba mabwawa ya kwanza ya perege, babu zetu walikuwa hapo jirani wanakata mkonge. Walirudi na blanketi, baiskeli na Kiswahili cha kimanamba. Ufundi wa bwawa haukuwa kwenye mzigo wao. Hakuna aliyewaona kuwa ni watu wa kufundishwa jambo hilo.

Mabwawa mengi, samaki wachache

Mwaka huo huo wa 1949 Waingereza na Wabelgiji walikutana Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kuzungumzia ufugaji wa perege tu. Wabelgiji walikuwa wameshika kasi. Walikuwa na kituo cha utafiti Kipopo, karibu na mji huo, na hadi mwisho wa miaka ya 1950 Kongo ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000. Hebu fikiria, 100,000! Mengi yalichimbwa kwa amri, na uhuru ulipokuja mengi yakaachwa yakaota majani.

Kwetu hadithi ilikuwa ndogo zaidi lakini ni ile ile. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, serikali ilianzisha kampeni ya taifa ya ufugaji samaki. Mwaka 1968 kulihesabiwa mabwawa yapatayo 8,000. Kisha kampeni ikafifia. Sababu zinazotajwa ni ukame, utunzaji mbovu, teknolojia isiyofaa na miundombinu duni. Perege wenyewe walizaana mno wakajaa bwawani, wakabaki wadogo kama kidole, na mwenye bwawa akakata tamaa. Mwaka 1972 ufugaji samaki ukaingizwa kwa mara ya kwanza katika sera ya uvuvi. Katikati ya miaka ya 2000 makadirio yalikuwa mabwawa 14,100 Tanzania Bara, mengi ya ukubwa wa mita 10 kwa 15 hivi. Bwawa la baba mdogo ni la vipimo hivyo hivyo, utadhani alilipima kwa takwimu.

Angalia orodha ya sababu hizo tena. Ugonjwa haumo. Unadhani ni kwa sababu samaki hawakuugua? Mimi sidhani. Bwawa likiwa na samaki wachache waliodumaa, nani atahesabu waliokufa? Ugonjwa huonekana pale mtu anapokuwa amelipia kila kifaranga. Baba mdogo alilipia, ndiyo maana aliwahesabu mmoja mmoja.

Pamba ya Scotland

Haya, tuiache Kigoma kidogo. Ile pamba nyeupe ina jina, inaitwa Saprolegnia, na jina hilo alilitoa mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Nees von Esenbeck, mwaka 1823. Wakati ule watu waliifahamu kama kitu kinachoota juu ya nzi aliyekufa majini. Hakuna aliyeona kama ni balaa.

Balaa lilikuja mwaka 1877. Katika mito ya Esk na Nith, mpakani mwa Scotland na Uingereza, samaki aina ya salmoni walianza kufa wakiwa na mabaka meupe kichwani na mapezini. Ndani ya miaka michache ugonjwa ukafika mto Tweed na mingine, samaki wakawa wanaokotwa kwa maelfu na kuzikwa. Salmoni ilikuwa mali ya wenye nchi, kwa hiyo makelele yalikuwa makubwa. Ikaundwa tume. Kisha kazi ikamwangukia Thomas Henry Huxley, yule mwanasayansi aliyesifika kwa kumtetea Darwin, ambaye mwaka 1881 alikuwa mkaguzi wa uvuvi wa serikali.

Huxley alifanya jambo rahisi sana. Alichukua ile pamba kutoka kwa salmoni mgonjwa, akaiweka pamoja na nzi waliokufa ndani ya maji. Ikaota kwa nzi. Mwaka 1882 akatangaza kuwa pamba inayoua samaki wa mabwanyenye na pamba inayoota kwenye nzi ni kitu kimoja. Maana yake ni kwamba ugonjwa haukutoka mbinguni wala kwa mchawi. Ulikuwa ndani ya mto siku zote, ukisubiri.

Ukisubiri nini? Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Huxley aliamini kuwa pamba yenyewe ndiyo muuaji. Mwaka 1903 mtafiti mwingine, Patterson, akasema hapana, bakteria ndio wanaoanza kutoboa ngozi, pamba inaingia baadaye. Miaka ya 1960 salmoni wa Ireland na Uingereza wakapatwa tena na vidonda vya ngozi, na pamba ikawafuata hapo hapo. Kwa aina nyingi za Saprolegnia, jibu ambalo wataalamu wengi wanalikubali leo ni kwamba huyu ni mgeni anayeingia mlango ukiwa wazi. Samaki mzima amefunikwa na ute. Ute huo ndio koti lake na ndio mlinzi wake. Mkwaruze, mbane, mpe njaa, mpeleke ghafla kwenye maji ya baridi, ute unaharibika. Vijimbegu vya Saprolegnia vina mikia, vinaogelea vyenyewe majini. Vikifika penye jeraha vinashika, vinatoa nyuzi, nyuzi zinaingia ndani ya nyama, na kwa muda mfupi unaona pamba.

Sasa rudi bwawani kwa baba mdogo. Vifaranga walitoka mkoa mwingine, wakapandishwa basi ndani ya madumu, wakabanana usiku kucha. Kasulu wakahamishiwa bodaboda. Walipofika jioni wakamwagwa moja kwa moja bwawani, kwenye maji ya baridi ya Juni, bila kuachwa kwanza wazoee. Tena kambale hana magamba, ngozi yake iko wazi. Siku ya nne pamba ikaonekana. Hapo mkono wa mtu upo kweli, lakini si ule wa jirani. Ni mkono wa aliyewapakia, wa aliyewasafirisha, na samahani baba mdogo, wako pia.

Siyo fangasi, ni binamu wa bakajani

Kuna jambo jingine lililonishangaza. Sote tunasema fangasi, na mimi nitaendelea kusema hivyo maana ndivyo watu wanavyosema. Lakini wataalamu wanasema Saprolegnia si fangasi halisi. Ukuta wa seli zake una selulosi, kama wa mimea, na kiukoo iko karibu na mwani wa kahawia wa baharini kuliko uyoga. (Siyo ule mwani mwekundu wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani, jamani.)

Ndugu yake wa karibu unamjua kama umewahi kulima nyanya au viazi mviringo: ni ule unaoleta bakajani chelewa. Ndugu huyo ndiye aliyeingia mashamba ya viazi ya Ireland mwaka 1845, akaleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine wengi nchini mwao. Mjerumani Anton de Bary, ambaye mwaka 1876 alimpa mdudu huyo wa viazi jina la Phytophthora, alichunguza pia Saprolegnia kwa hadubini. Yeye aliona mapema kuwa wanafanana.

Kwa hiyo baba mdogo alipoishika ile pakiti ya dawa ya nyanya hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa ameona kwa macho yake kitu ambacho de Bary alikiona kwa hadubini: ugonjwa wa shambani na ugonjwa wa bwawani ni ukoo mmoja. Tatizo ni kwamba nyanya haina mashavu ya kupumulia. Samaki anayo, na shaba inapofika kwenye mashavu inamuua.

Dawa iliyokuwa rangi ya nguo

Hata wasomi wa Ulaya na Marekani walifanya kosa linalofanana na hilo, tena kwa miaka mingi. Mwaka 1936 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa malakaiti ya kijani, rangi ya kutia nguo iliyotengenezwa Ujerumani miaka ya 1870, inaua Saprolegnia kwenye samaki na mayai. Ilikuwa rahisi na ilifanya kazi vizuri ajabu. Kwa zaidi ya nusu karne vituo vya kutotoa vifaranga dunia nzima viliitegemea.

Kisha ikagundulika kuwa rangi ile haitoki mwilini mwa samaki upesi. Inabaki kwenye nyama, na majaribio ya wanyama yakaleta wasiwasi wa saratani. Leo Marekani na Umoja wa Ulaya hawairuhusu kwa samaki wa kuliwa. Lakini bado ni ya bei nafuu, na unga wa kijani usio na lebo hauhitaji cheti kupita mtaani. Baba mdogo aliniambia aliyemuuzia vifaranga alimwahidi kumtafutia "unga wa kijani unaomaliza kabisa". Sijui ni unga gani, na sikutaka aujue. Wewe unayeagiza kambale wa kufugwa na ndizi za kuchoma jioni, jambo hili linakuhusu kuliko unavyodhani.

Yule mwingine, mwenye vidonda vyekundu

Kama ingekuwa pamba peke yake, ningemaliza hapa. Lakini ana ndugu mkali zaidi, na huyu ndiye aliyeninyima usingizi.

Anaitwa Aphanomyces invadans. Huyu hatoi pamba nzuri ya kuonekana. Anaanza na madoa mekundu ngozini, yanakuwa vidonda, vidonda vinachimba nyama hadi mfupani. Alionekana kwanza Japani mwaka 1971. Mwaka 1972 akaonekana Queensland, Australia, wakamwita ugonjwa wa madoa mekundu. Akapita Asia ya Kusini Mashariki, na mwaka 1988 akafika Bangladesh na India, akapiga mashamba ya mpunga, mito na mabwawa. Watu waliogopa kula samaki, soko likaanguka, na aliyeumia zaidi ni maskini ambaye samaki ndiyo kitoweo chake pekee.

Afrika ilikuwa salama hadi mwishoni mwa mwaka 2006. Wavuvi wa mito Chobe na Zambezi, pale Botswana, Namibia na Zambia zinapokutana, wakaanza kuvua samaki wenye vidonda. Mwaka 2007 ikathibitishwa kuwa ni yeye, na FAO ikatuma wataalamu. Mwaka 2014 akaonekana kwenye vinamasi vya Bangweulu, kaskazini mwa Zambia.

Chukua ramani sasa, tafadhali. Zambezi inakwenda bahari ya Hindi. Bangweulu haikwendi huko. Maji yake yanashuka Luapula, yanaingia ziwa Mweru, yanatoka kwa Luvua na kuungana na Lualaba, yaani ni maji ya Kongo. Na ziwa Tanganyika linatokea wapi? Kwa mto Lukuga, unaoingia Lualaba hiyo hiyo. Mto Chambeshi unaolisha Bangweulu nao unaanzia kwenye vilima vya Zambia visivyo mbali na kusini mwa ziwa Tanganyika. Na Malagarasi ya kwetu inamwaga ndani ya ziwa hilo. Ugonjwa ulishavuka kutoka bonde la Zambezi na kuingia bonde letu.

Usinielewe vibaya. Vijimbegu havipandi maporomoko vyenyewe. Lakini vifaranga husafiri ndani ya madumu, nyavu husafiri mabegani mwa watu, na maji ya dumu humwagwa mahali popote. Perege aina ya sato ana kinga nzuri dhidi ya huyu. Kambale anaweza kuugua, na vile visamaki vidogo vya mitoni vinaugua sana. Kinachomwamsha mara nyingi ni baridi, au mvua za kwanza zinapobadilisha maji kuwa makali, yenye asidi. Mabonde ya Malagarasi na Moyowosi ni ardhi oevu yenye hifadhi ya Ramsar tangu mwaka 2000, ya kwanza Tanzania, yenye ukubwa wa hekta milioni 3.25. Kuna samaki humo wasiopatikana kwingine, akiwemo perege anayebeba jina la mto wenyewe, Oreochromis malagarasi. Bwawa unaweza kulikausha ukatia chokaa. Kinamasi cha hekta milioni tatu utakikausha kwa nini?

Na kumbuka, mwaka 2024 Tanzania ililifunga ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Ziwa likipumzika, watu hutazama mabwawa. Ndiyo maana nasema bwawa la baba mdogo si mradi wa kujifurahisha.

Dawa ilikuwa Uvinza

Sasa ile njia ya kurudi nyumbani niliyowaahidi. Nilipouliza dawa salama ya pamba, jibu lililojirudia mara nyingi kuliko yote ni moja: chumvi. Chumvi ya kawaida. Inavinyima nguvu vijimbegu, inamsaidia samaki kutunza madini mwilini, na inamfanya atoe ute mpya.

Chumvi, Kigoma! Kuna mkoa gani nchini wenye historia ya chumvi kama wetu? Chemchemi za chumvi za Uvinza, karibu na Malagarasi, zimechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wanahistoria Sutton na Roberts waliandika kuhusu uchimbaji wao wa mabaki ya kale pale mwaka 1968. Burton alipopita kuelekea ziwani mwaka 1858 alikuta chumvi hiyo ikisafirishwa mbali. Waha, Wavinza na Wanyamwezi waliifuata kwa miguu. Na kiwanda cha chumvi cha Uvinza kimeendelea hadi enzi zetu.

Tukafanya hesabu na baba mdogo kwenye simu. Bwawa la mita 10 kwa 15 lenye kina cha mita moja lina lita 150,000. Ukitaka gramu 10 za chumvi kwa kila lita unahitaji tani moja na nusu. Akacheka, akasema kwa chumvi hiyo afungue duka. Lakini ndoo ya lita 20 inahitaji gramu 200 tu. Hiyo anaiweza. Unawavua wagonjwa kwa wavu laini, unawaweka kwenye ndoo hiyo dakika chache, isizidi nusu saa, huku macho yako hayaondoki. Anayelala ubavu unamtoa mara moja. Waliokufa wanafukiwa mbali na maji. Bwawani unapunguza chakula, unaondoa uozo, na unawaacha watulie. Ukiona vidonda vyekundu vinavyochimba badala ya pamba, hapo hakuna cha ndoo: mwite afisa uvuvi wa wilaya, na usihamishe samaki wala maji kwenda kokote.

Kati ya vifaranga 500 walipona 180 hivi. Si ushindi wa kupigia ngoma. Baba mdogo alitaka kufukia bwawa apande migomba, mama mdogo akakataa. Alisema shimo limeshachimbwa, tena kwa mikono yao wenyewe, si kwa amri ya mtu.

Nimelifikiria sana neno lake. Mabwawa ya Kongo yalikuja kwa amri, ya mwaka 1967 yalikuja kwa kampeni, na ya leo yanakuja kwa semina za hotelini na picha za samaki wanono mtandaoni. Kila mara tunahesabu mashimo. Hatuulizi nani atakuwepo siku ya nne, pamba inapoonekana na mtu ameshika pakiti ya dawa ya nyanya hajui afanye nini. Huxley alikuwa na tume nyuma yake kwa sababu samaki walikuwa wa mabwanyenye. Wa Kagerankanda alikuwa na mpwa mwenye simu.

Msimu ujao ameniambia ataagiza vifaranga Oktoba, maji yakiwa na joto, na atawaacha ndani ya mifuko juu ya bwawa wazoee kwanza kabla ya kuwafungulia. Chumvi ameshanunua, kilo tano. Ameuliza kwanza dukani kama ni ya Uvinza.

Wewe kwenu kuna bwawa? Siku ya nne kulitokea nini? Niambie, tuzungumze.